Elfu Tatu Zako Si Kesi, Nambari Iliyozichukua Ni Kesi

Shuka matatu Ngara saa kumi na moja jioni, upande ule wa soko ukitoka Globe kuelekea Pangani. Ndani ya hatua mia moja hivi utapita karibu kila kitu ambacho pesa za simu zinahitaji ili zizunguke: kibanda cha ejenti, mwavuli wa kusajilia laini, fundi wa simu, duka la chaja na kava, mama anayelipwa kwa till, na mwanafunzi anayengoja nyumbani wamtumie za chakula. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, wengi walidhani ni njia ya kutuma pesa ushago tu. Leo hata ndizi moja unailipia kwa simu.

Ndiyo maana tapeli naye anaipenda Ngara, na Gikomba, na Kawangware, na kila mahali penye watu wengi na haraka nyingi. Katika makala haya hatutarudia tu lile onyo la "usimpe mtu nambari yako ya siri". Hilo unalijua. Tunataka kukuonyesha kinachotokea baada ya pesa kutoka: nani anaona nini, nani ana uwezo wa kufanya nini, na kwa nini ripoti yako, hata ya pesa kidogo, ndiyo inayowaunganisha wote.

Dakika kumi za elfu tatu

Tuseme ni mama anayeuza viatu vya mitumba pale sokoni. Huyu ni mfano tu, lakini kila hatua hapa ni mbinu inayotumika kweli.

Simu inalia. Ujumbe unasema amepokea Sh3,000. Umepangwa vizuri, una nambari ya muamala, saa na salio jipya. Una kasoro moja: haukutumwa na huduma yenyewe, umetoka kwa nambari ya kawaida ya simu. Lakini wateja watatu wamesimama mbele yake, mmoja anauliza kama kuna saizi 40. Nusu dakika baadaye simu inaita. "Mum, pole sana, nimekosea nambari. Hiyo ni pesa ya dawa ya mtoto, tafadhali nirudishie." Sauti inatetemeka. Mama ana roho nzuri. Anatuma. Akija kuangalia salio, kumbe hakuna kilichoingia, na zilizotoka ni zake.

Sasa angalia saa. Dakika ya kwanza, pesa ziko kwenye laini ya kwanza ya tapeli. Dakika ya tatu zimehamia laini ya pili, iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiyejua hata kama laini hiyo ipo. Dakika ya sita zimechanganywa na za wengine walioingizwa boksi siku hiyo hiyo, nyingine zimepelekwa benki, nyingine zimelipia bidhaa kwa till. Dakika ya kumi, mtu amesimama mbele ya ejenti katika mji mwingine kabisa, anatoa pesa taslimu. Mama bado anatafuta saizi 40.

Kila mtu ameshika kipande

Swali ambalo wateja hutuuliza mara nyingi ni hili: "Si mnaona pesa zilienda wapi? Basi mkamateni!"

Tunaona, ndiyo, lakini tunaona sehemu. Kampuni ya pesa za simu inaona nambari iliyotuma na iliyopokea. Pesa zikivuka kwenda mtandao mwingine au benki, sisi tunabaki tunaona mlango zilikotokea tu. Kule ndani anaona mwenzetu. Ejenti ameona sura ya mtu aliyetoa pesa, lakini hajui pesa zilitoka wapi. Mwenye kitambulisho kilichotumika kusajili laini hajui lolote. Polisi wana uwezo wa kukamata, na kampuni haina. Lakini polisi nao hawawezi kuingia tu kwenye rekodi zako wakasoma wanavyotaka; kwa kawaida wanahitaji malalamiko, na amri ya mahakama. Mahakama nayo haiamki asubuhi ikaanza kesi bila mtu kuipeleka.

Tapeli anaishi katika nafasi zilizo kati ya hawa wote. Hahitaji kuwa na akili kuliko benki wala kuliko polisi. Anahitaji tu kuwa na kasi kuliko barua inayotoka ofisi moja kwenda nyingine.

Chukua zile simu ambazo mtaani tunasema tu "ni watu wa Kamiti". Kwa miaka mingi vyombo vya habari vimeripoti juu ya ulaghai unaopangwa kutoka ndani ya magereza. Kampuni ya simu haiwezi kwenda kupekua seli. Askari jela naye hawezi kujua ni nambari gani imelalamikiwa na watu wa Ngara. Au chukua wizi wa laini: DCI wametangaza mara kadhaa kukamatwa kwa washukiwa kule Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok, huku walioibiwa wakiwa wametapakaa kaunti mbalimbali. Mwizi hajali mipaka ya kaunti wala ya kampuni. Kidole kimoja hakivunji chawa, wahenga walishasema.

Kwa nini elfu tatu zina maana

Watu wengi wakiibiwa elfu mbili au tatu hawaripoti. Wanahesabu nauli ya kwenda kituoni, muda wa kupanga foleni, na aibu ya kuambiwa "wewe uliamini aje?" Wanaamua kumwachia Mungu. Tunaelewa. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa kifo kinamfikia mwingine: nambari ile ile iliyokulia pesa saa tano, saa sita inamlia jirani.

Ukitazama ripoti moja, unaona hasara ndogo na mtu aliyekasirika. Ukitazama ripoti arobaini zinazotaja nambari moja, unaona kazi ya genge. Unaona ni saa ngapi wanapiga simu, hadithi gani wanatumia wiki hii, laini zipi zinapokea na laini zipi zinatoa, na ni eneo gani pesa zinatolewa. Hapo kampuni inaweza kufunga laini kabla ya watu wengine mia kuingia mtegoni, mpelelezi ana cha kupeleka mahakamani, na ejenti anaonywa. Elfu tatu zako peke yake huenda zisimfikishe mtu kortini. Lakini nambari iliyozichukua ni kesi, na hiyo nambari iko kwenye simu yako.

Meza ina miguu mitatu

Kenya haijakaa tu. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ilitiwa sahihi Mei 16, 2018. Chini yake, ulaghai wa kutumia kompyuta unaweza kukugharimu faini ya hadi Sh20 milioni au kifungo cha hadi miaka 10. Kutuma ujumbe au kufungua tovuti feki ili kunasa siri za watu ni hadi Sh300,000 au miaka 3. Na kuna kifungu ambacho wengi hawakijui: ukipokea pesa zilizotumwa kwako kimakosa kisha ukazificha kwa makusudi, hilo nalo ni kosa, faini ya hadi Sh200,000 au miaka 2. Kwa hivyo ule mtindo wa "Mungu amenibariki" mtu asiyemjua anapokosea nambari, uwache.

Sheria hiyo ndiyo iliyounda kamati ya kitaifa ya kuratibu vita dhidi ya uhalifu huu, maarufu kama NC4. Pia inamtaka mwenye mfumo wa kompyuta uliovamiwa aijulishe kamati hiyo ndani ya saa 24. Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo ofisi zake ziko Waiyaki Way, ina kituo cha kitaifa cha kushughulikia matukio ya mtandaoni, KE-CIRT, kinachopokea taarifa na kutoa tahadhari. Benki Kuu ilitoa mwongozo wa usalama wa mitandao kwa benki mwaka 2017 na mwingine kwa watoa huduma za malipo mwaka 2019, na huo wa pili unatuhusu sisi moja kwa moja. Tena kuna kitengo cha DCI cha kuchunguza ulaghai wa kibenki ambacho kimewekwa Benki Kuu, ili mpelelezi na mtu wa benki wasiwe wanatafutana kwa barua.

Hiyo ni serikali. Mguu wa pili ni kampuni: za simu, benki, na sisi wa malipo. Kazi yetu ni kulinda mifumo, kufunga laini na akaunti zinazolalamikiwa, kuhifadhi rekodi zisipotee, na kuwafunza mawakala wetu. Mguu wa tatu ni wananchi waliojipanga. KICTANet, kwa mfano, huwaleta pamoja maafisa wa serikali, kampuni, wasomi na watumiaji kujadili sera za mitandao. Vyama vya kutetea watumiaji hupaza sauti kampuni zinapozembea. Ukiondoa mguu mmoja, meza inaanguka, na tutaeleza kwa nini mguu wa tatu si wa mapambo.

Ushirikiano ukifanya kazi

Unakumbuka Julai 2023, eCitizen ilipolala? Zaidi ya huduma 5,000 za serikali zilikuwa kwenye jukwaa hilo. Watu walikwama kukata tiketi za SGR, wengine kununua tokeni za stima, na huduma za pesa za simu nazo zikatatizika. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Walichofanya ni kuumwagia mfumo maombi feki kwa wingi. Ni kama watu elfu kumi kujazana mlangoni mwa duka bila nia ya kununua, mpaka mteja wa kweli hapati pa kupita. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea, lakini biashara nyingi zilisimama.

Kundi hilo lilishambulia nchi nyingi, na hakuna nchi iliyolimaliza peke yake. Machi 2024 chombo walichotumia kufanyia mashambulizi kilizimwa, na Oktoba 2024 Marekani ikafichua mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan. Wizara ya Haki ya nchi hiyo ilitaja kampuni za kibinafsi zilizosaidia, zikiwemo Akamai, Amazon Web Services, Cloudflare, Google, Microsoft na PayPal. Kampuni ziliona mashambulizi yakipita kwenye mitambo yao. Polisi walikuwa na uwezo wa kushtaki. Kila upande ulileta kile mwenzake hakuwa nacho.

Karibu na nyumbani, kati ya Septemba 2 na Oktoba 31, 2024, Interpol na Afripol ziliendesha msako uliopewa jina la Serengeti katika nchi 19 za Afrika. Washukiwa 1,006 walikamatwa. Hapa Kenya, wapelelezi walifuata kesi ya ulaghai wa kadi za benki iliyosababisha hasara ya dola milioni 8.6, na watu karibu 24 wakakamatwa. Pesa zilikuwa zimetawanywa kwa kampuni za Falme za Kiarabu, Nigeria na China, na nyingine kwenye sarafu za kidijitali. Ni mtindo ule ule wa mama wa viatu: zigawanye haraka, zivushe mpaka, zipotee. Tofauti ni tarakimu tu.

Majirani zetu wana funzo pia. Oktoba 2020 nchini Uganda, tatizo lilitokea kwenye mfumo wa kampuni ya tatu iliyokuwa ikiunganisha pesa za simu na benki, na MTN, Airtel na Benki ya Stanbic wakatoa taarifa ya pamoja kwa wateja wao. Ilionyesha kwamba hata mashirika makubwa yanaweza kuumizwa na kiungo kimoja dhaifu kilicho katikati. Tanzania nao, ambako ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umekuwa maarufu hadi watu wanauchekea, wana nambari moja, 15040, ambayo mteja wa mtandao wowote anaitumia kuripoti matapeli. Halazimiki kwanza kukumbuka kila kampuni ina nambari gani.

Hapa kwetu bado kila kampuni ina njia yake ya kuripoti. Sisi tunaamini nambari moja kwa wote ingekuwa bora, maana mtu aliyeibiwa sasa hivi hana akili ya kukumbuka nambari tano.

Na nani anawaangalia wanaoangalia?

Ukitoka soko la Ngara ukielekea upande wa Museum, kuna barabara inaitwa Kipande Road. Neno hilo wazee hawalisikii vizuri. Sheria ya kikoloni ya 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande: cheti chenye alama za vidole na rekodi ya kazi, mara nyingi kikiwa kwenye kikebe cha bati kinachoning'inia shingoni. Kilisemekana ni cha utaratibu. Kilitumika kumzuia mtu kuacha kazi na kumfuata anakokwenda.

Tunaleta historia hii kwa sababu vita dhidi ya matapeli vinahitaji data: majina, nambari, miamala, mahali ulipo. Data hiyo hiyo inayomnasa mwizi inaweza kutumika kumfuatilia mtu asiye na kosa. Mteja akihisi kwamba kuripoti ni kujianika, hataripoti. Na akinyamaza, mfumo wote unapofuka.

Hapo ndipo mguu wa tatu unapofanya kazi yake. Mei 2018, wiki mbili hivi baada ya sheria ile kutiwa sahihi, Chama cha Wanablogu, BAKE, kilikwenda mahakamani kikisema baadhi ya vifungu vinabana uhuru wa kusema na faragha. Mei 29 Mahakama Kuu ikasimamisha vifungu 26 kwa muda. Februari 20, 2020, mahakama hiyo hiyo ikaamua kwamba sheria ni halali. Mwezi uliotangulia, katika kesi ya Huduma Namba iliyoletwa na mashirika ya kutetea haki, ilikuwa imesema mpango huo usiendelee bila mfumo kamili wa kulinda data. Na Oktoba 2025, siku chache baada ya marekebisho ya sheria ya uhalifu wa mitandaoni kutiwa sahihi, Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda baadhi ya sehemu zake baada ya Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya na mwimbaji Reuben Kigame kufika mbele yake. Marekebisho hayo hayo ndiyo yaliyotaja waziwazi wizi wa laini kuwa kosa, jambo ambalo watumiaji wengi wangelipenda.

Si lazima ukubaliane na kila aliyekwenda kortini. Lakini maswali yao yana faida kwako: Nani anaruhusiwa kuona rekodi zangu? Kwa idhini ya nani? Kwa muda gani? Ushirikiano usio na majibu hayo unageuka kuwa kipande cha kisasa.

Leo una mlinzi wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa sahihi Novemba 8, 2019, na Kamishna wa kwanza, Immaculate Kassait, akaapishwa Novemba 2020. Kampuni ikivujisha data kwa namna inayoweza kukudhuru, ina saa 72 kumjulisha Kamishna. Na ofisi hiyo inauma: Septemba 2023 iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu kuwatumia ujumbe wa vitisho.

Sisi wa malipo hatuko nje ya hilo. Polisi wakituletea amri halali, tunatoa kinachotakiwa na amri hiyo, si zaidi. Tukiulizwa bila amri, jibu letu ni kwamba rekodi ni za mteja.

Mahali data yako inapovujia kweli

Watu hufikiria data huibwa na vijana waliovaa kofia wakiwa mbele ya kompyuta. Nyingi hutoka mahali pa kawaida sana. Ukiingia jengo lolote mjini, soja anakuandikisha kwenye kitabu: jina, nambari ya kitambulisho, simu. Kitabu kinabaki mezani, wazi, kila anayekuja baada yako anakisoma. Ukisajili laini chini ya mwavuli, kitambulisho chako kinapigwa picha kwa simu ya mtu usiyemjua. Ukimpa fundi simu, unamwachia na neno la siri la kuifungua.

Jina, kitambulisho na nambari ya simu: hivyo vitatu ndivyo tapeli anavyoanza navyo akitaka kubadilisha laini yako. Akishaichukua, ujumbe wa benki unaingia kwake, si kwako. Kwa hivyo mlinzi wa jengo, kijana wa mwavuli na fundi wa simu nao ni sehemu ya ushirikiano huu, hata kama hakuna aliyewaalika kwenye mkutano.

Ukiibiwa leo, fanya hivi

1. Ripoti kwanza kwa kampuni ya pesa, kabla hujampigia ndugu yako kulalamika. Dakika ndizo zinazookoa pesa. Kama ulituma kwa M-Pesa, peleka ujumbe wa muamala kwa 456 ili kuomba zirudishwe. Kwa huduma nyingine, piga nambari ya wateja iliyo kwenye apu yako. Zikiwa bado hazijatolewa, kuna nafasi ya kuzizuia.

2. Ripoti nambari ya tapeli hata kama hukumtumia kitu. Mteja wa Safaricom anapeleka ujumbe wa ulaghai kwa 333, bila malipo. Kumbuka pia kwamba Safaricom wanasema hukupigia kwa 0722 000 000 pekee.

3. Usifute ujumbe wala rekodi ya simu. Piga picha ya skrini. Andika saa, nambari na maneno aliyotumia. Huo ni ushahidi.

4. Nenda kituo cha polisi, na usiondoke bila nambari ya OB. Aliye Ngara, Pangani na Central si mbali. DCI nao wana nambari ya bure, 0800 722 203.

5. Simu ikipoteza mtandao ghafla na wenzako wana mtandao, usingoje. Tafuta simu nyingine, piga kampuni yako, uliza kama laini imebadilishwa. Mteja wa Safaricom anaweza kuifunga laini mapema kwa *100*100#, ili isibadilishwe kiholela.

6. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, ripoti. Usikubali jina lako liwe ile laini ya pili kwenye wizi wa mtu mwingine.

7. Mtu akikuambia amekutumia pesa kimakosa, angalia salio lako kwanza. Hata kama zimeingia kweli, usizirudishe wewe mwenyewe. Mwambie aombe kwa kampuni yake, na pesa zitarudi kwa njia iliyo na rekodi.

8. Jihadhari na tapeli wa pili. Baada ya kuibiwa, kuna atakayekupigia akisema ni afisa, ati pesa zako zimepatikana, tuma ada kidogo zifunguliwe. Hakuna afisa wa kweli anayekuomba ada kwa simu.

Hatuwezi kukuahidi kwamba ukifanya haya yote pesa zitarudi. Mara nyingine zinakuwa zimeshatolewa na kutumiwa. Tunachoweza kukuambia ni kwamba laini inayolalamikiwa mapema hufungwa mapema, na kila laini iliyofungwa inamlazimu tapeli kutafuta nyingine, kitambulisho kingine, ejenti mwingine. Kazi yake inakuwa ghali. Na siku inapokuwa ghali kuliko faida, ataiacha.

Kwa hivyo leo, kabla hujaweka simu mfukoni, fungua ujumbe wako utafute ule wa ulaghai uliopokea wiki hii. Lazima uko. Usiucheke halafu ukaufuta. Uripoti, halafu umwonyeshe jirani yako wa kibanda jinsi ya kuripoti wake.